Likoni Mara Kumi, Nikiwa Nairobi

Wahenga walisema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi niliyavulia nguo kwa mdomo, mbele ya watu, usiku mmoja baada ya swala ya Isha, kabla hata sijayaona maji yenyewe. Ndiyo sababu leo nina haya ya kusimulia.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa. Kuogelea sikufunzwa na mtu. Nilitupwa majini na ndugu zangu chini ya Ngome nikaambiwa nijitoe. Lakini miaka ishirini na kitu sasa riziki yangu iko Nairobi, katika mitaa ya Eastlands, kwanza Majengo ya Pumwani na kisha Shauri Moyo. Msomaji wa pwani asidhani kwamba huku ni ugenini mtupu. Pumwani ilianzishwa na serikali ya kikoloni mapema katika miaka ya 1920, na wengi katika wenyeji wake wa mwanzo walikuwa Waislamu waliojijengea nyumba za Kiswahili, vyumba huku na huku na ukumbi katikati. Pangani ya zamani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Mpaka leo ukipita Majengo alfajiri utanusa mahamri kama uko Kuze. Kinachokosekana ni bahari tu, nayo iko mbali, kiasi cha kilomita 480.

Jirani yangu mmoja ni mama muuza mahamri na mbaazi. Mwanawe wa kiume alimaliza kidato cha nne akakaa bure, kama wakaavyo wengi. Akaingia katika kamari ya simu, ile ya kubashiri mpira. Mwisho wa mwaka 2024 alizipoteza pesa za unga na mafuta za mamake, na baada ya hapo akajifungia chumbani. Usiku mmoja mama yule alinigongea mlango akilia. Alhamdulillahi, tulimwahi kijana akiwa hai.

Jambo la kusikitisha ni lililofuata. Badala ya kumkimbiza hospitali, tulisimama uani tukinong'ona. Mama aliogopa polisi. Na hakuogopa bure, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu aliyezidiwa na huzuni angeweza kutolewa kitandani akapelekwa kizimbani. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Lakini sisi usiku ule tulikuwa bado chini ya kivuli chake, na tulipoteza saa nzima tukiulizana tufanye nini.

Hospitali tulikwenda, na tulihudumiwa. Tuliporudi tuliambiwa kijana anahitaji mtu wa kuzungumza naye kila juma. Mtu huyo yuko wapi katika mitaa yetu? Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kwamba kijana mmoja katika kila saba, wa umri wa miaka 10 hadi 19, ana maradhi ya akili ya namna fulani. Hesabu mwenyewe, msomaji, ni vijana wangapi hao kutoka Kaloleni mpaka Kayole. Huku kwetu kijana wa namna hiyo huitwa mvivu, au husemwa ana shetani, basi yakaisha.

SADAKA YA NGOMA?

Ndipo nikasema mbele ya watu kwamba nitaogelea kilomita tano, na kila raundi moja ya bwawa ichangiwe, ili tumlipe mshauri akae katika chumba kimoja cha mtaani, alasiri mbili kwa juma. Kwa nini kuogelea? Kwa sababu mpira siujui, na mbio magoti yangu hayanipi ruhusa. Kivuko cha Likoni, ng'ambo hadi ng'ambo, ni kama mita mia tano. Kilomita tano, basi, ni kuvuka Likoni mara kumi bila feri.

Mzee mmoja, ambaye sote twamwita babu, alinitazama akasema, "Mwanangu, sadaka ni ile ambayo mkono wa kulia watoa na wa kushoto haujui. Wewe wataka kuipigia ngoma? Kwani pesa hazichangwi mpaka mtu alowe maji?"

Swali lile lilinikosesha usingizi. Riya ni kitu kibaya, na mimi najijua napenda kusifiwa. Kesho yake nilimwendea babu nikamwambia kwamba Kurani imeisifu sadaka ya dhahiri, ingawa ya siri ni bora zaidi. Basi majina ya wachangiaji yatakuwa siri na jasho langu peke yake ndilo litakaloonekana. Nikaongeza kwamba ile kauli ya kuwafunza watoto kuogelea hunasibishwa na Sayyidna Umar. Babu akacheka. "Haya, oga. Lakini hesabu yako iwe safi." Maneno hayo yakumbuke, msomaji, nitayarudia.

MAJI YASIYOBEBA

Nilifanya mazoezi miezi minne katika bwawa la kukodi, la mita 25, nimevaa kaptura inayopita magoti. Kilomita tano ni raundi 200. Nilidhani mtoto wa Kibokoni hana la kujifunza, kumbe nilijidanganya. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi, kwa hiyo bahari humbeba mtu; bwawa halikubebi, na miguu huzama. Tena Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyembamba. Juma la kwanza raundi kumi zilinitoa pumzi kama mzee wa miaka tisini.

Vijana wa mtaani walianza kunifuata, nami nikawafunza kuelea chali. Hilo nalo si dogo. Pande za Njiru na Kayole kuna machimbo ya mawe yanayojaa maji ya mvua, na watoto wasiojua kuogelea huyachezea. Kijana wa jirani yangu naye alikuja, lakini hakuingia majini wala hakuzungumza. Nilimpa daftari na kalamu, nikamwambia, "Kazi yako ni kuhesabu."

Siku ilifika, Jumamosi moja ya likizo ya Agosti 2025. Watu walikuja, na wamama wakaleta chai ya tangawizi. Nilianza polepole. Raundi mia ya kwanza ilikwenda vizuri. Kufikia 140 mabega yalikuwa kama yamepigwa rungu. Katika raundi ya 164 shavu la mguu wa kulia likakaza kama jiwe, nikashika ukingo nikilia kwa maumivu. Walinitoa nje, wakanisugua, nikajaribu tena, mguu ukakataa.

Basi wale waliokuja kunishangilia wakaanza kunihurumia. Mmoja akasema, "Andika mia mbili, amejitahidi." Mwingine akasema, "Pesa ni za kheri, nani atauliza?" Na mimi, nakiri mbele yenu, nilinyamaza. Nilitaka aandike.

Kijana yule aliinua kichwa. Tangu nimpe daftari sikuwa nimesikia sauti yake. Akasema, "Ni mia moja sitini na nne. Nimehesabu mwenyewe. Nishawahi kudanganya kuhusu pesa, na nilikofika mwakujua."

Hakuna aliyejibu. Mamake alijifunika uso kwa leso. Hesabu safi aliyoitaka babu imehifadhiwa na yule ambaye sote tulikuwa tukimwita mpotevu.

Tuliwatangazia wachangiaji ukweli, nao wakalipa raundi 164, si zaidi. Majuma mawili baadaye nilirudi bwawani nikaogelea 36 zilizobaki. Siku hiyo hapakuwa na chai wala washangiliaji, alikuwapo yeye tu na daftari lake, na babu aliyeketi kivulini akivuta tasbihi. Raundi hizo nazo zililipwa.

Pesa hazikutosha alasiri mbili, zilitosha moja. Kila Jumatano mshauri huja, mlango hufungwa, na anayeingia haulizwi jina na mtu wa nje. Juma la kwanza hakuingia mtu. La pili waliingia wawili, na wa kwanza kati yao nilimjua kwa viatu alivyoviacha mlangoni.

Sisemi kwamba amepona. Maradhi haya hayaondoki kwa siku moja. Nasema anakuja kila Jumatano, na siku nyingine humsaidia mamake kukanda unga. Daftari bado analo. Limeandikwa 164, chini yake 36, kisha mstari, kisha 200.