Punje Nyeupe za Parmigiano

Shemeji yangu akiona jibini mezani husogeza sahani. "Mimi na maziwa tulishaachana zamani," husema, na kwa maziwa freshi yuko sahihi: kikombe kimoja cha chai ya maziwa, tumbo lamnguruma mpaka adhuhuri. Hayuko peke yake. Watu wazima wengi duniani hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Mwaka 2007 mwanasayansi Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa vinasaba vya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba uwezo wa kunywa maziwa ukubwani ulizuka huku kwetu kivyake, si kwa badiliko lile lile la Wazungu. Shemeji ni mtoto wa wavuvi, si wa wafugaji. Inaelekea hakubahatika kurithi. Lakini kinachoniudhi ni kwamba jibini la Parmigiano Reggiano analolisukuma kando halina laktosi. Iliisha kabla jibini lenyewe halijafikisha siku tatu.

Nani aliyeila? Bakteria. Huko Parma, Reggio Emilia, Modena na sehemu za Bologna na Mantova, nchini Italia, maziwa ya jioni huachwa yatulie usiku kucha ili malai yapande juu yaenguliwe. Alfajiri huchanganywa na maziwa mazima ya asubuhi ndani ya birika la shaba, bila kuchemshwa kwanza. Kisha huongezwa maji ya jibini la jana, yaliyojaa bakteria wapendao joto. Mtu anayebakiza mtindi kidogo kibuyuni ili ugandishe maziwa ya kesho ameshaelewa kila kitu hapa. Ni ufundi ule ule.

Reneti, yaani kimeng'enya cha tumbo la ndama, hugandisha maziwa kwa dakika chache tu. Bonge huvunjwavunjwa kuwa punje ndogo, hupashwa moto hadi nyuzi 55 hivi, zikazama chini na kushikana. Birika moja hutoa majibini mawili, nao huyaita mapacha. Kila moja lina umbo la ngoma fupi, hukaribia kilo 40, na limemeza zaidi ya lita 500 za maziwa. Laktosi nyingi imeshaondoka na maji yaliyochujwa. Iliyobaki ndani ya ngoma huliwa na bakteria na kugeuzwa asidi katika muda wa saa 48 hivi. Halafu ngoma huzamishwa kwenye maji ya chumvi kwa wiki mbili hadi tatu, ikapandishwa rafuni na kuachwa.

Hapo ndipo jambo ninalolipenda huanza, na watu wengi hulipita. Ndani ya ngoma iliyokaa kimya vimeng'enya vinaendelea kukata protini, taratibu, mwezi baada ya mwezi. Minyororo mirefu inakuwa mifupi, mifupi inakuwa asidi amino mojamoja. Yaani kazi ambayo tumbo lako lingeifanya baada ya kumeza, rafu imeanza kukufanyia. Mojawapo ya asidi hizo ni glutamati, ile ile inayoupa mchuzi wa nyanya zilizoiva ule utamu usio wa sukari wala chumvi. Nyingine ni tairosini, nayo haipendi kuyeyuka. Ikizidi hujikusanya kuwa punje nyeupe zinazovunjika menoni kama changarawe laini. Nimewaona watu wakizitoa kwa ncha ya kisu wakidhani ni ukungu, na wengine wakilalamika kwamba chumvi haikuchanganyika. Jamani! Hizo ndizo ushahidi kwamba jibini limekaa. La miezi 12, ambao ndio umri wa chini kabisa unaoruhusiwa, huwa nazo chache. La miezi 24 au 36 hujaa.

Likifikisha mwaka, mkaguzi huligonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza, kama sisi tunavyogonga tikitimaji sokoni. Mlio ukiwa mmoja kotekote, hupigwa mhuri wa moto. Ukisikika wa uwazi, ndani kuna ufa au tundu, na lililoharibika hufutwa alama zake zote gandani. Yaliyo mazima yana thamani kiasi kwamba benki moja ya huko, Credito Emiliano, huyapokea kama dhamana ya mkopo na kuyatunza kwenye maghala yake.

Kuhusu lishe nitasema kwa ufupi. Gramu 100 zina protini gramu 32 hivi, mafuta karibu 30, kalsiamu zaidi ya miligramu 1,100. Hakuna mwenye akili anayekula gramu 100 kwa mkupuo. Kipande cha gramu 30 kinakupa kalsiamu ya glasi kubwa ya maziwa. Chumvi ipo, kwa hiyo mwenye presha apime mkono. Na kwa kuwa kanuni za jibini hili zinadai reneti ya tumbo la ndama, asiyekula nyama hana ruhusa hapa, na Mwislamu ana haki ya kuuliza ndama alichinjwaje.

Usidanganywe na unga wa kopo unaojiita Parmesan. Ulaya jina hilo lenyewe linalindwa, na mahakama yao ilisema hivyo mwaka 2008 katika kesi dhidi ya Ujerumani. Kwetu kila kopo hujipa jina litakalo. Nunua kipande kidogo chenye ganda.

Ganda! Hilo ni jibini lililokauka tu, si nta, na bado majiko ya mahoteli hulitupa. Tuna ugonjwa huo hata kwa maji ya jibini. Parma huwalisha nguruwe maji hayo, na huko ndiko yanakotoka yale mapaja yao ya chumvi yaliyo maarufu. Mimi nimesimama kwenye kiwanda kidogo cha hapa nyumbani nikayatazama yakitiririka mtaroni, ndoo kwa ndoo, na jirani wa kiwanda anafuga.

Matumizi: kwangua juu ya tambi, juu ya mayai ya kukaanga, juu ya mchicha moto, juu ya ugali pia, maana polenta yao ni ugali tu uliobadili jina. Kipande na peasi au asali. Usilipike motoni muda mrefu, litakuwa nyuzi. Lifunge kwa karatasi kwanza, ndipo mfuko. Ganda lisugue nje kwa kisu, tumbukiza kwenye sufuria ya maharage nusu saa kabla hayajaiva, kisha likatekate dogodogo uwape wanaosubiri jikoni watafune.