Namba ya Padri Mersenne

Wanafunzi wetu wajua kwamba namba nyingine, kama 15, hugawanyika, kwani ni 3 mara 5. Na nyingine, kama 13, hazikubali kugawanywa ila kwa 1 na kwa zenyewe. Hizo za pili huitwa namba tasa. Kuitambua iliyo ndogo ni kazi ya dakika moja. Lakini tufanyeje mbele ya hii: 147.573.952.589.676.412.927?

Hupatikana hivi: twaandika 2 mara sitini na saba, twazizidisha zote mfululizo, kisha twaondoa 1. Mwaka 1644 mtawa wa Paris, Padri Marin Mersenne wa shirika la Waminimi, alitaja katika kitabu chake namba za namna hiyo alizoziona kuwa tasa, nayo hii ilikuwamo. Aliziacha zile zinazodanganya: 2 zikiwa kumi na moja, twapata 2.047, yaani 23 mara 89. Lakini hii kubwa aliijaribuje? Mwenyewe alikiri kwamba kwa namba ya tarakimu 15 au 20 wakati wote hautoshi. Hii ina 21.

Basi neno lake likakaa zaidi ya miaka mia mbili. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas akaonyesha kwamba namba hiyo si tasa, bali hakupata vigawanyo vyake. Msistaajabu. Mnunuzi wa chungu sokoni hukigonga kwa kidole, na sauti humwambia kwamba kina ufa, ingawa hajauona.

Ufa wenyewe ulionekana mwezi wa kumi 1903, katika mkutano wa wanahesabu New York. Mmarekani Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni asiseme neno. Akaandika namba yetu upande mmoja. Upande wa pili akazidisha, tarakimu kwa tarakimu, 193.707.721 kwa 761.838.257.287. Majibu yakawa sawasawa. Akarudi kuketi kimya, na wote wakampigia makofi. Husimuliwa kwamba kazi hiyo ilimchukua Jumapili za miaka mitatu (sisi twadhani angaliweza kuchagua siku nyingine). Hata hivyo hakutafuta gizani: kila kigawanyo cha namba hii, ukiondoa 1, lazima kigawanyike kwa 134. Jaribuni: 193.707.720 ni 134 mara 1.445.580.

Leo kompyuta hupata vigawanyo hivyo chini ya dakika moja. Lakini kalamu yatosha kwa uchunguzi mdogo. Jumlisheni tarakimu za kigawanyo cha kwanza: 37, kisha 3 na 7 ni 10, kisha 1. Cha pili: 64, kisha 10, kisha 1. Moja mara moja ni moja. Sasa zijumlisheni tarakimu 21 za namba kubwa: 109, kisha 10, kisha 1.