Utah: rekodi za mawe yasiyodumu

Ukianza kupanga safari ya kwenda kutazama mawe ya kusini mwa Utah, Marekani, rekodi zitakupokea hata kabla hujakata tiketi: refu kuliko yote, mengi kuliko popote, maarufu kupita yote. Ushauri wangu ni kuanza na lililo karibu kuanguka.

Hilo ni Landscape Arch, katika Hifadhi ya Taifa ya Arches, jirani na mji mdogo wa Moab. Ndilo tao refu zaidi Amerika Kaskazini, takriban mita 90 kutoka mguu hadi mguu, na mahali palipokonda unene wake ni kama mita mbili tu. Tarehe 1 Septemba 1991 watalii waliokuwa chini yake walisikia mwamba ukialika, wakatimua mbio. Bamba la urefu wa mita 18 likaporomoka, na kamera ya video ikalinasa likishuka. Njia ya kupita chini yake ilifungwa, haijafunguliwa tena. Sasa unatembea kilomita 2.6 kwenda na kurudi, unalitazama kutoka upande. Wahi asubuhi, mwanga ni mzuri na joto halijapanda.

Rekodi ya dunia, hata hivyo, iko China: Daraja la Xianren, Guangxi, lenye upana wa mita 120 hivi juu ya mto Buliu. Mwenyeji wa Moab akikuambia vingine, msamehe.

Arches ina matao zaidi ya 2,000, msongamano usio na mfano duniani. Chini ya ardhi yake kuna tabaka nene la chumvi. Chumvi hiyo ilisogea, ikainua miamba na kuipasua kuwa kuta nyembamba, kisha maji na barafu vikazitoboa. Kazi hiyo inaendelea: Wall Arch lilianguka usiku mmoja wa Agosti 2008.

Delicate Arch, lile la kwenye namba za magari ya Utah, si kubwa kihivyo. Uwazi wake una kimo cha mita 14 hivi, wakati wa Double Arch unafika 34. Lakini limesimama peke yake ukingoni, na sifa zake ni za haki. Beba maji ya kutosha. Njia ni ya kupanda na kivuli hakuna.

Bryce Canyon ni safari ya saa nne na ushee kwa gari. Hakuna mahali duniani penye nguzo za mawe nyingi kama pale. Ukingo wake unazidi mita 2,400, kwa hiyo sweta ni lazima hata Juni.

Ukipata usiku mmoja wa ziada, lala Natural Bridges, hifadhi ya kwanza duniani kutambuliwa kimataifa kwa giza la anga lake, mwaka 2007. Kambi ina nafasi 13 tu, na anayewahi ndiye anayepata.