Ndoo ya lita 20, mgongo unaouma na tufe la chuma lenye mpini

Mgongo umekuuma wiki ya tatu sasa. Umeenda kupimwa, hakuna mfupa uliovunjika, umepewa dawa za maumivu na ushauri mmoja: "Usinyanyue kitu kizito." Haya. Unarudi nyumbani, maji ya bomba yamekatika, na ndoo ya lita 20 inakusubiri mlangoni. Mtoto naye analia anataka kubebwa. Utafanyaje?

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo ndoo ile ni kilo 20, kila siku, labda mara nne. Kwa wanawake wengi ushauri wa kutobeba hautekelezeki. Swali lenye maana ni hili: je, mgongo ulioumia unaweza kufundishwa kubeba tena? Mara nyingi, ndiyo. Tuone kwa nini, tukitumia kifaa kimoja kinachozidi kuonekana kwenye jimu: ketobeli.

Kwani ketobeli ni nini?

Ni tufe la chuma lenye mpini mnene juu yake. Ukiliona utafikiri birika lililonyimwa mdomo. Asili yake ni Urusi, ambako huitwa girya, na zamani lilitumika kama jiwe la mizani la kupimia nafaka. Kipimo cha Kirusi cha wakati huo, pudi moja, ni kilo 16 na kidogo. Ndiyo maana hadi leo utakuta ketobeli za kilo 16, 24 na 32. Zipo pia ndogo za kilo 4, 6 na 8, na hizo ndizo zinazotuhusu hapa.

Mgongo wako ni wenzo

Unakumbuka somo la wenzo kwenye fizikia? Uzito ukikaa mbali na egemeo, nguvu ya kuuzuia inaongezeka. Sasa chukua ile ndoo ya kilo 20. Ukiinama na kuinyanyua ikiwa sentimita 50 mbele ya uti wa mgongo, misuli ya mgongo inalazimika kushindana nayo ikiwa yenyewe iko kama sentimita 5 tu kutoka kwenye egemeo. Gawanya 50 kwa 5, unapata 10. Yaani misuli inavuta kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 200, na hapo hatujahesabu kiwiliwili chako. Isogeze ndoo hadi sentimita 25, na hesabu inashuka hadi kilo 100. Ndoo ni ileile na mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni umbali tu.

Jambo la pili ni nani anafanya kazi. Ukiinama kwa kupinda kiuno, mzigo mkubwa unaangukia misuli midogo ya mgongo wa chini. Ukiinama kwa kurudisha makalio nyuma, mgongo ukiwa umenyooka na magoti yamelegea kidogo, nyonga zinageuka kuwa bawaba ya mlango. Hapo misuli ya makalio na ya nyuma ya mapaja, ambayo ni minene na yenye nguvu, ndiyo inayokuinua.

Zoezi kuu la ketobeli, yaani bembea, ni bawaba hiyohiyo ikirudiwa kwa kasi. Unairudisha ketobeli katikati ya mapaja, kisha unasukuma nyonga mbele kwa nguvu, nayo inaruka yenyewe hadi usawa wa kifua. Mikono ni kamba tu, haivuti.

Utafiti unasemaje?

Mwaka 2011 watafiti wa Denmark walichapisha jaribio la watu wazima 40, wengi wao wanawake, waliokuwa kwenye kazi zinazosababisha sana maumivu ya misuli. Kundi moja lilifanya mazoezi ya ketobeli mara 3 kwa wiki, dakika 20 kila mara, kwa wiki 8. Kwenye kipimo cha 0 hadi 10, maumivu ya shingo na mabega yalipungua kwa pointi 2.1, na ya mgongo wa chini kwa pointi 1.4, ukilinganisha na kundi ambalo halikufanya. Misuli ya mgongo nayo iliongezeka nguvu. Lakini uwezo wa moyo na mapafu haukubadilika, kwa hiyo usiache kutembea.

Kuna upande wa pili. Mwaka 2012 Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na mwenzake walipima nguvu zinazopita mgongoni wakati wa bembea. Waligundua kwamba pingili za chini zinasukumwa kuteleza kuelekea upande ulio kinyume na ule wa unyanyuaji wa kawaida. Huenda ndiyo sababu wengine bembea inawaponya na wengine inawatonesha. Kwa hiyo kama rafiki yako inamfaa na wewe inakuumiza, si kwamba wewe ni mvivu.

Na kama umetoka kuugua?

Kitanda nacho kina gharama. Katika utafiti mmoja, wazee wenye afya nzuri walilala kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Basi ukitoka kulazwa na ukaona ngazi zimekuwa mlima, ujue miguu imepungua kweli, hujidekezi. Misuli hairudi kwa kupumzika zaidi. Inarudi kwa kupewa kazi kidogo kidogo, pamoja na chakula chenye protini kama maharage, mayai na dagaa.

Uanzie wapi?

Anza na fimbo ya ufagio. Iweke mgongoni iguse kisogo, mgongo wa juu na juu kidogo ya makalio. Rudisha makalio nyuma bila fimbo kuachia sehemu hata moja. Rudia mara 10, kila siku, kwa wiki moja au mbili.

Kisha nyanyua uzito mdogo kutoka juu ya kigoda, ukiwa karibu na miguu. Huna ketobeli? Dumu la lita 5 lililojaa maji ni kilo 5. Toa pumzi unapoinuka, usiibane. Ila dumu usilibembeze, maji yanahama ndani na litakuyumbisha.

Bembea ije mwisho kabisa, kwa ketobeli nyepesi, mtu anayejua akikutazama. Fanya mara 5 hadi 10, pumzika, rudia. Maumivu madogo yanayoisha kufikia kesho yake asubuhi yanavumilika. Yakizidi, au yakianza kushuka mguuni, rudi hatua moja nyuma.

Usianze kabla ya kumwona daktari kama una ganzi sehemu za siri, umeshindwa kuzuia au kutoa mkojo, mguu unakosa nguvu, una homa, unakonda bila sababu, au maumivu yalianza baada ya kuanguka. Vilevile kama umejifungua au umefanyiwa upasuaji karibuni, una ugonjwa wa moyo au mifupa dhaifu, pata kwanza ruhusa ya daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini mwaka 2020, na wanawake ni wengi zaidi. Mwongozo wake wa Desemba 2023 kwa maumivu ya muda mrefu unayataja mazoezi kati ya tiba zinazopendekezwa.

Kwa hiyo jioni ya leo, kabla hujaigusa ile ndoo, chukua ufagio ujaribu bawaba mara 10. Halafu isogelee ndoo karibu kabisa na miguu, rudisha makalio nyuma, ndipo uinyanyue. Na kama bado inakushinda, ijaze nusu, uende mara mbili.