Samaki wa mto wetu huzaliwa wapi?

Mgeni anayefika Kisangani hupelekwa kuwatazama Wagenia kwenye maporomoko. Huko anaona miti mirefu iliyosimamishwa kati ya miamba na kufungwa kwa kamba za porini. Katika miti hiyo vinafungwa vikapu vikubwa, vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Maji yanamsukuma samaki ndani, na nguvu ya maji hayo inamzuia kutoka. Mgeni anastaajabu, kisha anarudi mjini akidhani ya kuwa samaki ni mtoto wa mto tu. Lakini samaki wengi tunaowala ni watoto wa pori vilevile. Tuone namna gani.

1. Mto na samaki wake

Toka Ubundu mpaka Kisangani mto unashuka ngazi saba za maporomoko, katika mwendo wa kilomita 100 na zaidi. Juu ya maporomoko unaitwa Lualaba. Chini yake ndio mto Kongo, na meli zinaweza kushuka mpaka Kinshasa, safari ya kilomita zaidi ya 1,700. Katika bonde zima wataalamu wamekwisha kuhesabu aina za samaki zaidi ya 1,000, na nyingi hazipatikani pengine duniani. Mwaka 1901 mtaalamu Boulenger alitoa kitabu kizima juu yao. Tangu wakati ule hesabu imezidi kuongezeka.

2. Maji yanapopanda

Kisangani ni karibu na ikweta. Mvua nyingi hunyesha kwa zamu, mara upande wa kaskazini, mara upande wa kusini. Ndiyo maana mto hupanda mara mbili kwa mwaka. Maji yakipita ukingo yanaingia porini, nao samaki wanayafuata. Sababu gani?

Kwanza, chakula. Porini wanapata matunda yaliyoanguka, minyoo, mchwa na wadudu wengine. Pili, mahali pa kutaga: mayai yanakaa salama kati ya mizizi na majani. Tatu, maficho. Mbenga, mwenye meno kama visu, ni mwepesi sana katika maji ya wazi, lakini kati ya matawi na mizizi hawezi kukimbiza vizuri. Basi vitoto vinapata nafasi ya kukua.

Hata hivyo maji ya porini yana shida yake: majani yanayooza yanamaliza hewa ndani yake. Tazama ngolo: juu ya matamvua yake ana kiungo kingine cha kuvutia hewa. Anapanda juu, anavuta pumzi, anashuka tena. Kwa hiyo anaweza kuishi hata katika dimbwi la matope.

Maji yakishuka, wengi wanarudi mtoni. Wengine wanabaki katika madimbwi. Hapo akina mama wanajenga kizuizi cha udongo, wanachota maji mpaka yaishe, wanaokota samaki.

3. Hatari iko wapi?

Kikapu cha Mgenia kina nafasi kati ya fito zake, na samaki mdogo anapita. Lakini siku hizi wako watu wanaovua kwa chandarua cha mbu, tena pale pale ukingoni vitoto vinapojificha. Chandarua hakiachi hata kimoja. Wengine wanatia sumu majini. Wengine wanakata miti yote ya ukingoni, kwa shamba au kwa makaa.

Mtu atasema: «Mto ni mkubwa, samaki hawawezi kuisha.» Ni kweli, mto ni mkubwa, lakini mahali pa kuzalia ni pachache, na panajulikana na kila mvuvi. Tusimhukumu upesi baba mwenye chandarua, kwani watoto wake wana njaa leo. Lakini sharti tumweleze ya kuwa vitoto vinavyojaza sahani moja leo vingeweza kujaza vikapu vingi baada ya mwaka mmoja au miwili.

Ninyi mnaokwenda vijijini wakati wa mapumziko, kwa Wagenia, kwa Walokele wa Isangi na Yangambi, au kando ya Tshopo na Lindi, waulizeni wazee: zamani maji yalifika wapi porini? Samaki gani waliingia nayo? Leo wangapi wanaonekana bado? Andikeni majibu yao, kijiji kwa kijiji, kabla wazee hao hawajatutoka.