Mtaji wa Biashara Ndogo Buguruni: Jua Bei ya Mkopo Kabla ya Kusaini

Mwenye biashara ndogo Buguruni hatembei mbali kutafuta mkopeshaji. Kuanzia Sheli hadi Malapa, na katika vichochoro vinavyolizunguka soko, matangazo ya mikopo ya haraka yamebandikwa kwenye nguzo na kuta: kitambulisho cha Taifa, picha mbili, mdhamini mmoja, fedha siku hiyohiyo. Asubuhi wakusanyaji hupita meza kwa meza na madaftari yao. Kwa hiyo anayehitaji mtaji hapa hukabiliwa na swali la bei: mkopo huu utanigharimu kiasi gani, na biashara yangu inaweza kuulipa? Makala haya yanaeleza namna ya kuipiga hesabu hiyo, nani anaruhusiwa kisheria kukopesha, na ni wapi mkazi wa eneo hili anaweza kupata mtaji wa bei nafuu zaidi.

Hesabu ya rejesho la kila siku

Tuchukue mfano wa mama lishe mwenye meza karibu na kituo cha daladala. Kwa siku anauza chakula cha shilingi 80,000. Akitoa gharama za mchele, maharage, mafuta, mkaa, maji, ushuru na ujira wa msaidizi wake, anabaki na shilingi 15,000. Hiyo ndiyo faida yake, na ndiyo inayolipa kodi ya chumba, mahitaji ya shule na chakula cha nyumbani. Zile 65,000 nyingine zinapita tu mkononi mwake. Kesho asubuhi zinatakiwa sokoni.

Anakopa shilingi 300,000 kwa mwezi mmoja. Mkopeshaji anamwambia kwamba riba ni asilimia 30, na kwamba atalipa shilingi 13,000 kila siku kwa siku 30. Kabla ya kupewa fedha anakatwa 30,000 za fomu na bima. Anaondoka na 270,000, na mwisho wa mwezi atakuwa amelipa 390,000. Gharama halisi ni shilingi 120,000.

Hata hivyo, asilimia iliyotajwa haielezi yote. Mama lishe huyu hakukaa na zile 270,000 kwa mwezi mzima, kwa sababu alianza kuzirudisha siku iliyofuata. Kila siku deni lilipungua, na kufikia katikati ya mwezi alikuwa amekwisha kurejesha 195,000. Kwa wastani, fedha ya mkopeshaji iliyokuwa kwenye biashara yake katika mwezi huo ni kama shilingi 140,000 tu. Kwa kuitumia fedha hiyo kwa siku 30 amelipa 120,000, yaani karibu kiasi kilekile alichokuwa anakitumia. Ndiyo sababu mitaani mikopo ya namna hii imepewa jina la kausha damu.

Sasa turudi kwenye meza yake. Faida ni 15,000, rejesho ni 13,000. Zinabaki shilingi 2,000 za kuendeshea nyumba. Ili mkopo huu umfae, zile 270,000 zingepaswa kuzalisha faida mpya ya shilingi 13,000 kwa siku kuanzia siku ya kwanza, wakati biashara nzima imekuwa ikizalisha 15,000. Hilo ni gumu mno. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba rejesho linachotwa kwenye mauzo, mtaji unaliwa kidogo kidogo, mchele unanunuliwa kwa kilo badala ya gunia, na wiki ya tatu anatafutwa mkopeshaji wa pili ili kumlipa wa kwanza. Wakopaji wengi hulaumiwa kwa uzembe katika hatua hii. Kwa maoni yetu, deni kama hili lilishindikana siku liliposainiwa.

Linganisha na mkopeshaji mwenye leseni. Benki Kuu ya Tanzania imeelekeza kwamba watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, ambao tutawaeleza hapa chini, wasitoze riba inayozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Mkopo wa shilingi 300,000 kwa miezi mitatu, riba ikikokotolewa juu ya mkopo wote wa awali kila mwezi, utakuwa na riba ya 31,500. Riba ikikokotolewa juu ya deni linalobaki, na mkopaji akirejesha 100,000 ya mkopo kila mwezi, jumla ya riba ni 21,000. Asilimia ni ileile, lakini tofauti ni shilingi 10,500. Kwa hiyo usitosheke na kutajiwa asilimia, uliza inakokotolewa juu ya nini. Hata kwa njia ile ya kwanza iliyo ghali zaidi, mama lishe wetu angehitaji kuweka kando kama shilingi 3,700 kwa siku. Nyumba ingekula na meza ingebaki. Ada ya maombi na bima huongezwa juu ya riba, hivyo nazo ziulizwe kwa shilingi, mapema.

Jambo la muda linastahili uangalifu uleule. Anayeuza matunda sokoni Buguruni na kuyafuata mwenyewe Muheza au Kiwangwa hapati fedha yake kila siku. Huipata shehena inapouzwa. Mwenye shamba la korosho Mkuranga huipata msimu wa mavuno. Rejesho la kila siku au kila wiki kwa watu hawa ni mtego, hata kama riba ni ndogo. Muulize mkopeshaji kama anaweza kupanga marejesho yafuate mzunguko wa biashara yako. Akikataa, tafuta mwingine.

Nani anaruhusiwa kukopesha

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, pamoja na kanuni zake za mwaka 2019, imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni benki na taasisi zinazopokea amana za wananchi. Daraja la pili ni wale wanaokopesha bila kupokea amana: kampuni za mikopo, wakopeshaji binafsi, na wanaokopesha kupitia mtandao. Hawa nao wanapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Daraja la tatu ni SACCOS, zinazosimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. La nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA, vinavyosajiliwa kupitia mamlaka za serikali za mitaa.

Leseni ya biashara inayotolewa na halmashauri haitoshi kumpa mtu haki ya kukopesha. Wala cheti cha usajili wa kampuni hakitoshi, ingawa vyote viwili huning'inizwa ukutani kwa fremu nzuri. Omba kuona leseni ya Benki Kuu, soma jina lililoandikwa, kisha ulilinganishe na orodha ya wenye leseni iliyo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Asiyejua kuitumia tovuti amwombe kijana wa jirani. Ni kazi ya dakika tano.

Kikundi, SACCOS na fedha za Halmashauri

Kwa mwenye mtaji mdogo, pa kuanzia pazuri zaidi mara nyingi ni mahali ambapo pia ataweka akiba. Katika VICOBA wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana kutokana na hisa hizo, na mwisho wa mzunguko hugawana kilichopatikana. Riba ya kikundi si ndogo nyakati zote, na vipo vikundi vinavyotoza zaidi ya taasisi. Tofauti ni kwamba riba hiyo hurudi kwa wanachama kama gawio, na kwamba kikundi kinachojua msiba au ugonjwa uliokupata kinaweza kukusogezea tarehe. Kabla ya kujiunga, uliza kama kikundi kimesajiliwa, kama kina katiba iliyoandikwa, na fedha zinatunzwa wapi. Sanduku linalolala nyumbani kwa mtu mmoja mwenye funguo zote limevunja urafiki wa miaka mingi.

SACCOS hudai subira. Mwanachama huweka akiba kwa muda, kisha hukopa kwa kiwango kinachotegemea akiba yake. Hazimfai mwenye dharura ya kesho, lakini zinamfaa sana anayepanga kununua friji au cherehani mwakani.

Kisha kuna mikopo ya Halmashauri, ambayo wengi huisikia na wachache huifuatilia. Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 utoaji wake ulisimamishwa, baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazikurejeshwa na vikundi vingine havikuwapo kabisa. Ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Buguruni iko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo ni miongoni mwa halmashauri 10 zilizochaguliwa kuanza kutoa mikopo hiyo kupitia benki.

Mlango wa kuanzia ni ofisi ya kata, kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Yeye ndiye anayeeleza masharti ya kikundi, umri na andiko la mradi, na huduma yake hailipiwi. Mtu anayekuomba "ya maji" ili jina lako lipite, au anayekutaka uazime kitambulisho chako ili kikundi kitimie, anakutumbukiza kwenye deni usilolijua: fedha zisiporejeshwa, jina lako ndilo litakalofuatwa. Utaratibu huu huchukua muda, wakati mwingine mrefu kuliko inavyostahili. Lakini shilingi 300,000 isiyo na riba huzidi kwa mbali ile ya siku hiyohiyo inayorudi kama 390,000, na miezi ya kusubiri inaweza kutumika kuweka akiba na kujifunza kuandika hesabu.

Tunasema kuandika hesabu kwa sababu ndiyo hati ya kwanza ambayo mkopeshaji makini ataitaka. Daftari lenye safu mbili, mauzo na matumizi, lililojazwa kila jioni kwa miezi mitatu, lina nguvu kuliko maelezo ya mdomo. Na mkopo ulioulipa vizuri kwenye taasisi yenye leseni huingia katika kumbukumbu za taarifa za mikopo, ambazo benki huzitazama unapoomba mkubwa zaidi. Ule wa kichochoroni, hata ukiulipa kwa uaminifu mara kumi, haukujengei jina popote.

Mikopo ya kwenye simu

Programu za mikopo zimewavuta wengi kwa sababu hazihitaji mdhamini wala kuulizwa maswali. Baadhi yake, hata hivyo, huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu, na siku ukichelewa, mkwe wako, mchungaji wako na wateja wako hupokea ujumbe wa kukudhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na kuutahadharisha umma usijihusishe nazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inakulinda: taarifa zako hazipaswi kutumika kwa lengo ambalo hukuliridhia.

Aidha, mkopeshaji anayekutaka utume fedha kwanza ili "mkopo ufunguke" ni tapeli. Hapa hakuna haja ya kuchunguza zaidi.

Siku ya kusaini, na siku ya mwisho ya deni

Omba mkataba ulio katika lugha unayoielewa, uende nao nyumbani usiku mmoja, umsomee mwenzi wako. Ukiambiwa ofa inaisha leo, iache iishe. Tafuta ndani yake kiasi utakachopokea mkononi, jumla utakayorejesha, tarehe, adhabu ya kuchelewa, na vitu vilivyoandikwa kuwa dhamana. Usisaini karatasi yenye nafasi tupu. Usimwachie mtu kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, hata kwa ahadi kwamba atachukua rejesho tu. Katika mkopo wa kikundi, kumbuka kwamba mwenzako akikwama wewe ndiye utakayemlipia. Wachague wenzako kama unavyomchagua mtu wa kumkabidhi duka.

Ukiona umeanza kulemewa, nenda kwa mkopeshaji kabla ya tarehe, uombe marejesho yapangwe upya. Ukidhulumiwa, andika lalamiko lako, lipeleke kwanza kwa mkopeshaji mwenyewe, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Asipokujibu au usiporidhika, lipeleke Benki Kuu ukiambatanisha nakala hiyo, mkataba na stakabadhi. Anayekopesha bila leseni anaweza kuripotiwa hukohuko, na anayetisha au kupiga aripotiwe polisi bila kusubiri.

Stakabadhi za kila rejesho, hata ujumbe wa simu, zihifadhiwe hadi mwisho. Siku unapolipa shilingi ya mwisho, usiondoke ofisini bila barua inayothibitisha kwamba deni limekwisha, pamoja na dhamana yako yote: hati, kadi ya pikipiki, au chochote ulichoacha.