Njaa Inatoka Wapi?

Hapa Kapolowe Wakristu wengi husema kwamba njaa inatoka kwa mvua. Ni kweli, lakini nusu tu. Mwaka 2024 ukame ulichoma mahindi ya Zambia, nasi tunaongoja malori ya Kasumbalesa tuliona jinsi meka ya unga ilivyopanda bei. Iko njaa nyingine isiyotoka mbinguni, na mkatekista wa kijiji ndiye anayeiona wa kwanza.

Tutazame Katanga ya zamani, nchi iliyo kati ya Mitwaba, Manono na Pweto, iliyoitwa «pembe tatu ya kifo». Miaka ya 2005 na 2006 watu walikimbia makundi ya Gédéon Kyungu Mutanga, tena walikimbia askari waliomfuata. Basi tuhesabu majira. Kwetu mahindi hupandwa Novemba na Desemba. Mtu akijificha porini wakati huo, anaweza kupoteza mwaka mzima. Hata bunduki zikinyamaza Januari, Aprili hana cha kuvuna, na mbegu amekwisha kuila njiani. Muhogo unavumilia zaidi, kwani unamngoja mwenyewe ndani ya udongo. Lakini mwenye bunduki naye anajua kuchimba.

Katika milima ya Fizi na Uvira, Kivu ya Kusini, shida ina sura nyingine. Banyamulenge wengi ni wafugaji. Jirani zao Babembe, Bafuliiru na Banyindu wengi ni wakulima. Wakati wa kiangazi majani ya juu hukauka, na ngombe hushuka Fizi kutafuta malisho. Kwa desturi mfugaji humwendea chefu wa huko na kutoa kodi iitwayo itulo. Ngombe wakila shamba, watu hugombana, kisha huketi na kusemezana. Tangu vita ya 1996 silaha zimeingia katika mambo hayo. Siku hizi kila upande una makundi yake. Vijiji vimechomwa na ngombe wengi wamenyanganywa, hasa tangu 2019 pande za Minembwe.

Tumesikia wengine, hata watu wa Kanisa, wakisema kwamba ngombe wakiisha mkulima atashiba. Hawajatazama sokoni. Mfugaji ndiye aliyenunua maharagwe na unga. Mkulima alinunua kwake maziwa na nyama. Njia ikifungwa, mmoja hana cha kuuzia, mwingine analima karibu na nyumba tu, kwa kuogopa shamba la mbali.

Padri hawezi kuwanyanganya watu bunduki. Lakini anaweza kuwaita machefu, wafugaji na wakulima mbele ya kiangazi, ngombe wangali juu, wapatane juu ya njia ya kupita na malipo ya shamba lililoliwa. Mapatano ya namna hiyo yakingoja mpaka mahindi yamekwisha kukanyagwa, yamechelewa.

Na mkatekista anayeandika majina ya wakimbizi wanaofika misioni, aandike pia tarehe waliyotoka kwao, tena awaulize: mlikuwa mmekwisha kupanda?